Mwaka Nilioagwa Nikiwa Hai

Binti yangu Neema ndiye aliyeipata ile video. Wiki mbili baada ya kumzika baba, nikiwa jikoni namenya viazi, alinijia na simu mkononi akiniuliza, "Mum, huyu si wewe?" Nikatazama. Msichana amelala ndani ya jeneza jeupe, shela ya bibi harusi kichwani, mikono imekunjwa kifuani. Nilijitambua kwa mikono kabla ya uso, kwa sababu uso wangu ulipakwa poda mpaka ukawa wa mtu mwingine, lakini vidole hivi vifupi kama vya mwanamume ni vya ukoo wetu. Kumbe mtu fulani amekusanya vipindi vya zamani vya televisheni akavitia mtandaoni, na kimojawapo ni kile tulichorekodi nyumbani kwetu Kangemi. Nilimwambia aizime. "Si ubonyeze tu uone, ni dakika chache," akasema. Aka! Nimeosha maiti wa kutosha maisha haya, sikuwa na haja ya kujiongeza mimi kwenye hesabu. Kipindi kile nimekikwepa miaka ishirini na tano. Kiliporushwa mara ya kwanza nilijitafutia kazi ya jioni makusudi, na kila aliyeniuliza kama nimekiona nilimwambia ndiyo, kilikuwa kizuri. Neema akaiacha simu mezani kando ya maganda ya viazi, akaenda zake, na mchana kutwa nikawa naizunguka.

Niseme mapema kwamba siku tuliyomvisha baba ndiyo siku niliyoingia nyumba ile kwa mara ya kwanza tangu nitoke nikiwa na miaka ishirini na miwili. Binamu yangu Wekesa, aliyebaki na baba kwenye kazi mpaka mwisho, alinifungulia mlango. Nilipanda juu kutafuta suti ya baba, nikapita mbele ya chumba kilichokuwa changu. Kitanda kimetandikwa, shuka zimepigwa pasi. "Ni mzee," Wekesa akasema. "Alikuwa anataka nizifue kila mwezi." Nikafikiri ni za wageni. Nilifikiri hivyo mimi, ninayejua kwamba katika nyumba ile hakuna mgeni aliyewahi kukubali hata kikombe cha chai, sembuse kulala.

Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja, si mbali na Waiyaki Way. Chini karakana ya majeneza, juu sisi. Ngazi ilikuwa moja tu, na ilishukia katikati ya karakana, kwa hiyo ukienda kanisani unapita kati ya majeneza, ukienda sokoni unapita kati ya majeneza, na ukirudi na nyanya zako yako pale pale yamesimama ukutani, yanakungoja. Dirisha la chumba changu lilitazama ukuta wa jirani. Ukinyoosha mkono unaugusa. Mwaka ule wa kurekodi nilizoea kuugusa kila asubuhi nikiamka, sijui kwa nini, labda kuhakikisha kwamba haujasogea karibu zaidi. Vanishi ilipanda juu na kukaa katika kila kitu, katika mapazia, katika nywele, katika sukuma wiki. Mpaka leo nikila sukuma iliyopikwa bila vanishi naona kama imepungua chumvi.

Nyuma ya karakana kulikuwa na chumba chenye meza ya saruji na bomba la maji. Miili ilikaa mochari ya hospitali, na asubuhi ya mazishi ililetwa kwetu kuoshwa, kuvishwa na kutiwa sandukuni. Wanaume waliwaosha wanaume. Wanawake niliwaosha mimi, kwa sababu mwanamke huoshwa na mwanamke, na baada ya mama kuondoka sikubaki na mwenzangu. Kwetu hufanyi kazi kimya. Unamwambia marehemu kila kitu kabla hujafanya. "Dada, nakugeuza sasa." Au kwa bibi kizee, "Shosho, maji ni ya vuguvugu, usiogope." Baba alitufundisha hivyo na hakuna aliyeruhusiwa kufanya vinginevyo, hata kwa mtu asiyekuwa na jamaa wa kumwangalia. Nami nilizungumza. Ukweli ni kwamba mwaka ule nilizungumza zaidi na waliokufa kuliko na walio hai. Niliwaambia mambo yangu yote, nao, tuwape haki yao, hawakunikata kauli.

Mwishoni, kabla ya kifuniko kushuka, kulikuwa na maneno ya baba. Yeye peke yake ndiye aliyeyasema. Alikuwa akigonga ubavu wa jeneza kwa kidole mara tatu, kama mtu anayebisha hodi, kisha anasema: "Kazi yako hapa imeisha. Asante kwa yote. Nenda, usigeuke nyuma." Basi. Akishayasema hayo, mtu yule hakutajwa tena nyumbani kwetu, na sanduku likishatoka mlangoni halikurudi kwa sababu yoyote. Kuna familia moja ya Kawangware iliyojikuta na majeneza mawili, maana mashemeji nao walikuwa wamenunua lao, wakaja kwa adabu kuomba kurudisha letu ambalo halikuwa hata limefunguliwa. Baba aliwasikiliza mpaka mwisho. Akawaambia, "Lipandeni maua." Wakadhani ni mzaha. Wekesa alinisimulia kwamba baadaye alilipita mahali, limejaa vitunguu vya majani, vimestawi.

Hiyo ndiyo nyumba niliyokuwa nayo nikiwa na miaka ishirini na miwili, na nilikuwa nakosa hewa. Nje watu hawakunipa mkono. Mama Shiko, aliyeuza mboga mkabala na mlango wetu, aliniwekea chenji juu ya kabichi ili vidole vyetu visigusane. Siku moja nimeinama nyuma ya kibanda chake nafunga kamba ya kiatu, nikamsikia akimwambia mteja, "Yule msichana wa masanduku ni mzuri, lakini nani ataoa mikono ile? Akupikie chapati na mikono ile? Ngai!" Nilirudi nyumbani nikaosha mikono kwa sabuni ya unga mpaka ikachubuka, kisha nikajichukia kwa kuiosha. Kulikuwa na kijana mmoja wa Mountain View, mpole, fundi wa redio. Alinifikisha nyumbani mara moja tu. Alipoona mahali ninapoingilia akakumbuka kwamba amesahau kitu dukani, na bila shaka mpaka leo anakitafuta.

Watu wa televisheni walimpata baba kwenye kiofisi chake cha Hurlingham, pale alipokuwa akipokea oda za wenye nafasi. Walikuwa wanatengeneza mchezo wa kuigiza kuhusu familia inayoendesha nyumba ya mazishi, na walitaka karakana ya kweli. Baba alikubali kwa sharti moja, kwamba wakikosea atawarekebisha. Maskini, hawakujua wamekubali nini. Siku ya kwanza alisimamisha kazi nzima kwa sababu mwigizaji alikuwa akimvisha marehemu viatu kabla ya soksi kunyooshwa. "Angekuwa mama yako ungemwacha na soksi imekunjana hivyo?" akamuuliza. Dairekta, jamaa mmoja aitwaye Kimani, alitaka kucheka, lakini alipomwona baba hacheki akaamuru soksi zinyooshwe.

Pamoja nao alikuja Shiru, mpambaji wao. Asubuhi moja, kabla hawajaanza kurekodi, tulikuwa na bibi kizee wa kuzikwa siku hiyo, ameanguka na kuumia paji la uso. Shiru alisimama mlangoni akinitazama nikimpamba. Sikumjali. Nilimwambia bibi, "Shosho, sasa nakufunika jeraha, watoto wako wasilione," nikaendelea. Nilipomaliza Shiru akaniambia, "Wewe, hii kitu umesomea wapi?" Nikamwambia hapa hapa. "Haki mimi nimesomea miaka miwili na siwezi ficha kidonda hivyo. Na tena huyo hasaidii, hakai vizuri." Tukacheka, wote watatu naweza kusema. Siku mbili baadaye akanipa habari. Walihitaji mpambaji wa pili. Ofisi yao iko mjini, ningepanga chumba, ningeanza mwezi ukianza. Mpamba watu wanaopumua! Watu ambao ungewaambia wafumbe macho nao wakafumba wenyewe.

Nilimwambia baba usiku ule ule tukila, maana nilijua nikilala nayo nitaamka mwoga. Ugali, sukuma, omena. Baba alikula polepole na kila tonge alilifinyanga kama anapiga randa. Nikamweleza yote bila kituo, kazi, chumba, mwezi ukianza. Hakuinua macho. Akaniuliza, "Nani ataosha akina mama?" Nikasema tutatafuta mtu. Akafinyanga tonge jingine. "Nani ataosha akina mama?" Nikasema, baba, mimi pia ni mtu, nimechoka kunuka vanishi, watu wananiwekea chenji juu ya kabichi. "Nani," akasema kwa upole ule ule, "ataosha akina mama?" Hakuwa anauliza. Alikuwa anasukuma komeo. Kama angenifokea ningemfokea na ningeondoka siku ile. Lakini kila nikilifikiria lile swali niliwaona, mmoja baada ya mwingine, mikono yao, visigino vyao vilivyopasuka, nikaona kweli hakuna mwingine. Nilikwenda chumbani, nikanyoosha mkono dirishani, nikaugusa ukuta. Nililia kwa hasira kwa sababu alikuwa na haki.

Siku tatu hatukuongea. Siku ya nne ndiyo waliyopanga kurekodi kile kipindi. Katika mchezo wao, binti wa mwenye nyumba ya mazishi anafariki siku chache kabla ya harusi yake, na baba yake, aliyewaaga watoto wa watu maisha yake yote, sasa lazima amuage wa kwake. Jeneza jeupe lilikuwa tayari, taa zimewashwa, jenereta inanguruma nje ya dirisha. Mwigizaji wa binti akafika, akaliona jeneza, akarudi nyuma. "Zi, mimi hapo siingii. Mathe wangu amenipigia, amesema nikilala kwa hiyo kitu nisirudi home." Kimani akambembeleza. Akamwambia ni mbao tu. Akaingia yeye mwenyewe, jitu zima na miwani yake, kumwonyesha haiumi. Wapi! Msichana alikuwa ameshavua shela na anatafuta mkoba. Ndipo Shiru akanitazama. "Nekesa, wewe huogopi."

Singependa kudanganya hapa. Sikuingia kwa kuwasaidia. Niliingia kwa sababu baba alikuwa Hurlingham na nilijua angerudi kabla ya saa sita, na nilitaka anikute humo. Nilitaka aone alichokuwa ananifanyia. Nilikuwa mtoto mbaya asubuhi ile, nakiri. Shiru akanipaka poda, akanivisha gauni na shela, nikalala. Satini ilikuwa baridi. Mimi mwenyewe ndiye niliyeishona, na sikuwahi kujua kwamba kwa ndani inakwaruza shingo.

Walirekodi mara mbili. Aliyeigiza nafasi ya baba, mzee wa sauti nzuri, aliinama juu yangu akasema, "Lala salama, malaika wangu, tutaonana mbinguni." Mara ya tatu alipoanza "Lala salama," nikasikia mtu mlangoni akisema, "Sisi hatusemi hivyo." Alikuwa baba. Kimani akajibu, nafikiri kwa uchovu tu, "Basi mzee, tuonyeshe mnasemaje." Nikasikia viatu vyake vikija kwenye saruji. Viatu vile nilivijua, cha kushoto kilikuwa na msumari. Vikafika kando yangu, vikasimama.

Nilikuwa nimefumba macho. Sikuthubutu kuyafumbua. Nilisikia pumzi yake, na harufu ya vanishi na dawa ya kikohozi, nikaisikia ile pumzi ikikatika aliponitambua. Hapo ndipo nilipojuta. Nilitaka kukaa nimwambie, baba, ni mimi, ni mzaha, samahani. Angeweza kuondoka. Angeweza kuniburuta nje kwa sikio, na hakuna ambaye angemlaumu. Kisha nikasikia kidole kwenye ubavu wa jeneza. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu.

"Mama," akasema. Ndivyo alivyoniita siku zote, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. "Kazi yako hapa imeisha. Asante kwa yote. Nenda, usigeuke nyuma."

Na kifuniko kikashuka. Mkono wake ndio uliokishusha. Giza lile sijawahi kulisahau. Sponji na satini zilimeza kila sauti, ikabaki jenereta tu, nayo kama inanguruma ndani ya kifua changu. Nilihesabu mpaka kumi na saba. Halafu kikafunguliwa na ilikuwa sura ya Shiru, amejaa machozi, poda yake imefanya mifereji. "Toka, toka huko," akawa ananivuta. Baba alikuwa ameshaingia chumba cha nyuma na kufungua bomba. Kimani alisema hawatarudia tena. Watatumia ule mkono wa mzee na sauti yake, uso hauonekani, mtu hatajua.

Jioni ile baba alipika yeye. Nilikaa mbele ya sahani nikijaribu kutafuta pa kuanzia. Nikasema, "Baba, umeniambia niende."

"Nimesema."

"Na yale maneno... huwa unayarudisha?"

Akanitazama, kwa mara ya kwanza baada ya siku nne. "Umewahi kuniona nikirudisha?" Akanisogezea omena. "Maji yakimwagika hayazoleki. Kula."

Niliondoka mwezi ulipoanza. Na akina mama, utaniuliza, nani aliwaosha? Mama Shiko! Yule yule wa mikono ile. Baba alivuka barabara akamwomba, naye akakubali, na Wekesa anasema aliosha miaka kumi na tisa na alikuwa anawapigia waliokufa domo la mtaa mzima. Baba alinishushia begi mpaka chini, kati ya majeneza, akanipa begi mlangoni. Nikatembea mpaka barabarani. Sikugeuka nyuma, kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa nisigeuke. Sijui kama alipunga mkono.

Na sikurudi. Watu wanadhani tuligombana, hatukugombana hata siku moja. Niliijua sheria ya nyumba ile kuliko padri anavyoijua misa. Aliyeagwa ameagwa, na sanduku likitoka halirudi. Mara moja, Krismasi ya pili, kazi imekwisha na yule niliyepanga naye amenihama, nilishuka Kangemi na mfuko wa unga na sukari. Nilisimama mkabala na mlango mpaka nikaona taa ya juu inawashwa. Nikarudi mjini. Badala yake tulikutana mkahawani, karibu na Tom Mboya Street, Jumamosi moja kila mwezi, miaka yote hiyo. Chapati na maharagwe, chai ya maziwa. Na kila mara, kabla hajainuka kuchukua kofia yake, aliniuliza, "Umechoka, mama?" Nami kila mara nilijinyoosha kwenye kiti. "Bado, baba." Nilidhani ananipima. Nilidhani anangoja siku nitakayokubali kwamba alikuwa na haki, na mimi nilikuwa nimeapa kwamba siku hiyo hataiona. Alikuwa akitikisa kichwa, akivaa kofia, akisema, "Sawa. Bado." Mara ya mwisho tulipokutana, nikiwa nimemshikia kikombe anywe, aliniuliza pia. Nikamjibu vile vile.

Siku ya kumzika, Wekesa aliniomba niseme yale maneno, maana yeye hakuweza. Niligonga mara tatu. Nikamwambia baba kazi yake hapa imeisha, asante kwa yote, aende, asigeuke nyuma. Niliyasema yote kama nilivyofundishwa, bila kuongeza wala kupunguza.

Viazi vilikuwa vimeiva na kupoa nilipoichukua simu ya Neema. Nikabonyeza. Ilikuwa picha mbovu, ya zamani, na nyumba yetu ilionekana kubwa kuliko ilivyokuwa. Nikamwona yule msichana katika shela. Nikauona mkono wa baba unaingia, ukucha wa kidole gumba umepasuka kama ulivyokuwa. Ukagonga mara tatu. Maneno yakaja, yale yale, na kifuniko kikashuka, na mimi kule ndani nikaanza kuhesabu.

Lakini picha haikukatika. Mkono ulibaki juu ya kifuniko, umelala tu pale, na juu ya ngurumo ya jenereta baba akazungumza tena, polepole, kama anavyozungumza mtu anayeamini kwamba anasikika.

"Lakini wewe, mama, ukichoka, rudi. Mlango sitaufunga."

Nikairudisha nyuma. Nikasikiliza tena, kisha mara nyingine, mpaka Neema akatoka chumbani kuuliza ni nani huyo. Nilikuwa nahesabu zile Jumamosi. Miaka ishirini na tano aliniuliza, nami nikamwambia bado, na nilikuwa nimechoka tangu mwaka wa pili.